Herufi ya Tano ya Cherehani

Chemshabongo yangu ya kwanza ya Kiswahili niliijaribia katika Soko la Uhuru, karibu na Barabara ya Jogoo, ambako shangazi yangu hushona sare za shule na, msimu wa harusi ukifika, magauni ya vitenge. Jarida moja dogo la hapa Nairobi lilikuwa limeniomba niliandalie jedwali la maneno yanayokatana, visanduku 13 kwa 13, pamoja na vidokezo vyake. Sikuwa nimewahi kuandaa jedwali kama hilo kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa nimejaza mengi ya Kiingereza nikiwa ndani ya matatu asubuhi na jioni, kwa hiyo nilichagua mada ambayo niliamini kwamba naijua tangu utotoni. Nimelelewa chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikiokota vifungo na kuvipanga kwa rangi. Nilidhani hilo lilitosha.

Mchezo wenyewe tumeupokea kutoka ng'ambo. Jedwali la kwanza la namna hii lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi, na aliyelibuni aliitwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Baadaye Wamarekani na Waingereza walitengana njia. Jedwali la Marekani hujaa herufi, na kila herufi huwa mali ya maneno mawili, la mlalo na la wima, ilhali la Uingereza lina visanduku vyeusi vingi, hivi kwamba karibu nusu ya herufi za kila neno hazikatizwi na neno jingine lolote. Nilianza na mtindo wa Marekani kwa sababu tu ulinipendeza machoni, na nikapoteza siku mbili kabla ya kugundua jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angeniambia: maneno yetu, ukiondoa machache ya mkopo na majina ya watu, huishia kwa irabu. Hebu tazama mstari wa chini kabisa wa jedwali lililojaa. Kila kisanduku chake ni mwisho wa neno linaloshuka, kwa hiyo mstari mzima ni irabu tupu, nao pia unatakiwa usomeke kama neno. Tuna oa, tuna ua, tuna au, tuna eua, na baada ya hapo huna pa kukimbilia. Safu ya mwisho upande wa kulia ni vivyo hivyo. Nilifuta kila kitu nikahamia mtindo wa Uingereza, ambao, kwa maoni yangu, ni kana kwamba ulikatwa kwa vipimo vya Kiswahili.

Waandalizi wa majedwali ya Kiingereza wana taabu iliyo kinyume kabisa na yetu, kwani wao husaka irabu kama sindano iliyopotea zuliani. Ndiyo sababu neno la ushonaji linalojitokeza mara kwa mara huko ni etui, kijaluba cha kuwekea sindano, neno lenye asili ya Kifaransa ambalo sijawahi kumsikia mshonaji yeyote akilitamka lakini ambalo, kati ya herufi zake nne, tatu ni irabu. Vilevile hupenda kumtega msomaji kwa neno sewer, ambalo likitamkwa hivi ni mshonaji na likitamkwa vile ni mtaro wa maji machafu. Hila hiyo niliitafutia ndugu yake katika Kiswahili kwa muda mrefu. Hayupo, au yupo mmoja tu, barabara na barabara, kwa kuwa sisi huandika kama tunavyotamka. Mtego wetu hauwezi kujificha katika tahajia. Hauna budi kujificha katika maana.

Hapo ndipo nilipoingia dosari yangu ya kwanza. Kidokezo changu cha sindano kilisomeka hivi: “Ina jicho lakini haioni.” Nilimsomea shangazi nikitabasamu, nikisubiri acheke.

“Jicho gani?” akauliza, bila kuinua uso kutoka kwenye suruali aliyokuwa anaifumua kwa wembe.

“Jicho la sindano, shangazi.”

“Sindano ina tundu, mwanangu. Jicho la nini tena?”

Nilikuwa nimefikiri kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, kosa ambalo nilizoea kuwacheka wengine kwalo. Hata ngamia wa Biblia anatakiwa apenye katika tundu la sindano, si katika jicho lake. Nilikaa kando yake nikamwangalia akimaliza kufumua, kisha akachukua sindano ya mkono na kuitia uzi upande wa nyuma, akashikiza ukanda wa kiuno, kisha akaigeukia mashine na kutia uzi mwingine katika sindano ambayo tundu lake liko nchani, milimita chache tu kutoka pale inapotoboa kitambaa. Nilikuwa nimeviona vitendo hivyo viwili maisha yangu yote bila kuvilinganisha. Elias Howe, Mmarekani aliyepata hataza ya mashine yake ya kushona mwaka 1846, alifanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa kuliweka tundu nchani, ili sindano ipitishe kitanzi cha uzi chini ya kitambaa na kurudi juu bila yenyewe kuvuka upande wa pili, huku uzi wa chini ukipita ndani ya kitanzi hicho na kufunga mshono. Basi niliandika upya: “Tundu nyuma mkononi, tundu mbele mashineni.” Shangazi alitikisa kichwa kwa kukubali, lakini nilipomwonyesha kidokezo cha tatu cha neno lilo hilo, “Nesi hudunga, Mwea walipanda,” ndipo alipocheka kweli, kwa sababu aliukumbuka mchele wa sindano uliokuwa ukitoka Mwea kabla pishori haijatawala vyungu vya Nairobi. Hicho ndicho kilichobaki.

Somo ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni la kisarufi, na naomba radhi kwa wasiopenda sarufi, ingawa hapa sidhani kama kuna namna ya kulikwepa. Kidokezo cha Kiswahili huvuja. Ukiandika “Lina rangi nyingi,” tayari umemwambia msomaji kwamba jibu liko katika ngeli ya LI-YA; ukiandika “Kina meno,” umemkabidhi KI-VI mkononi. Kila kiambishi ni ufa katika ukuta. Siku moja, nikipitia vidokezo nilivyoviona vizuri, niligundua kwamba karibu vyote vilianza kwa hu-: hushona, hupigwa, huzungukwa, hunuka. Hu- ya mazoea haibebi kiambishi cha ngeli, kwa hiyo mtu, sindano, pindo na uzi vyote hukaa nyuma yake bila hata kimoja kujulikana. Tangu siku hiyo hu- imekuwa kwangu kama kastabani ya fundi. Bila hiyo nitajichoma.

Mara nyingine, hata hivyo, upatanisho wenyewe ndio mtego. Kwa neno uzi niliandika: “Mmoja hushona kiraka, 37 huonyesha kwamba huna homa.” Kila aliyesoma “mmoja” alimfikiria mtu, maana mmoja ni wa watu, wachache hukumbuka kwamba uzi pia ni mmoja. Kijana anayejifunza kazi kwa shangazi aling'ang'ania kwamba jibu ni fundi, akajaribu kuzibana herufi tano katika visanduku vitatu, na ilibidi nimtajie taarifa ya hali ya hewa kwenye redio, joto la nyuzi 24, nyuzi 26, ndipo akapiga paja. Kijana huyo huyo aliniuliza kama sh katika mshono ni herufi moja au mbili. Nilikuwa nimeamua kwamba kila alama ina kisanduku chake, kwa hiyo mshono una visanduku sita, nikaiandika kanuni hiyo juu ya jedwali, na sikulifikiria tena.

Mshono wenyewe ni neno tajiri kuliko nilivyojua. Nilikuwa na maana moja kichwani, pale vipande viwili vya nguo vinapoungana. Lakini nikiwa nimekaa pale sokoni kwa saa tatu, nilimsikia mteja akisema anatafuta mshono wa kitenge kwa ajili ya ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wake, huku akipekua picha katika simu, na yeye alimaanisha muundo mzima wa gauni kuanzia shingo hadi pindo. Mama wa kibanda cha tatu, aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji majuma machache yaliyotangulia, alikuwa akimweleza jirani kwamba hawezi kukanyaga pedali kwa nguvu kwa sababu mshono bado unamvuta. Nguo, picha na tumbo. Kidokezo kilijiandika chenyewe: “Huchaguliwa kwenye simu, hufumuka kwenye suruali, huuma baada ya hospitali.” Nisingekipata katika kamusi kwa sababu kamusi huziorodhesha maana moja chini ya nyingine, kila moja na nambari yake, na pale sokoni zilikuwa zimekaa benchi moja zikizungumza.

Bandi ilinifedhehesha kwa njia nyingine. Niliipata katika kamusi, nikaipenda kwa ufupi wake na kwa ile B ya mwanzo: mshono wa muda, wa nyuzi zilizo mbalimbali, ambao fundi huupiga kushikiza nguo kabla ya kuishona kabisa. Kidokezo changu kilikuwa wazi hata nikaona haya, “Mshono wa muda.” Mafundi watano katika ujia wa shangazi walikijaribu, na wote watano wakaandika teki, wakabaki na kisanduku kimoja kitupu na uso wa kunilaumu. Nairobi watu huteki. Huteki pindo, huteki mkono wa koti, hutia laini ndani ya koti pale ambapo kamusi ingetia bitana, kisha hupeleka nguo kwa ovaloki kufunga kingo. Nilikuwa nimeandika jedwali la mafundi kwa maneno ambayo mafundi hawa hawakuwa wakiyatumia.

Shangazi alinipeleka kwa mzee mmoja mwisho wa ujia, mshona kanzu aliyejifunzia kazi Mji wa Kale, Mombasa, na ambaye husemwa kuwa hajapata kutumia chaki ya kuchorea isipokuwa kipande cha sabuni kilichokauka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasogeza kitambaa ili nipate pa kuketi. Nikamsomea: “Mshono wa muda, herufi tano.”

“Bandi,” akasema papo hapo, kisha akacheka peke yake. “Nani leo apiga bandi hapa?”

Ndipo alipoinyosha kanzu aliyokuwa nayo juu ya meza na kunitembeza ndani yake kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Hii ni badani, mwili wa kanzu, mbele na nyuma. Hizi za ubavuni, zinazoshuka kutoka kwapani hadi chini, ni taharizi. Kipande hiki kidogo kilichoingizwa kwapani ili mkono uinuke bila kupasua nguo ni kikwapa. Na huu utepe wa nguo nyuma ya mpasuo wa kifua ni lisani. Nilijua kwamba lisani ni ulimi kwa Kiarabu, na kwamba washairi hulitumia kwa maana ya lugha, lakini sikuwa nimewahi kuuona ulimi huo ukining'inia ndani ya kola. Alipoupindua kwa kidole gumba, ukiwa mwembamba na mrefu, nilihisi aibu kidogo kwa kuwa nimewahi kulifafanua neno hilo mbele ya watu.

Kutokana na nusu saa hiyo nilipata vidokezo vitatu ambavyo mpaka leo naviona kuwa bora kuliko vingine vyote nilivyoandika. Kwa badani: “Mwili usio na damu, huvaliwa Ijumaa.” Kwa lisani: “Ulimi unaokaa kimya chini ya shingo.” Na kwa kikwapa, neno ambalo pia ni ile harufu ambayo kila abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni anaijua: “Aibu ndani ya matatu, ustadi ndani ya kanzu.” Mzee alikipenda hiki cha mwisho kiasi cha kuwaita majirani, na mmoja wao akanusa mkono wake wa shati hadharani.

Bandi niliiacha palepale ilipokuwa, ila nilikibadilisha kidokezo: “Hupigwa leo, hufumuliwa kesho, na hakuna anayelia.” Aliyewahi kumwona fundi akiteki atajua kinachosemwa, hata kama neno lenyewe atalipata kwa msaada wa herufi zinazokatana. Nilitaka pia kuiingiza teki mahali pengine katika jedwali, lakini mhariri wa jarida alikataa, akasema halimo kamusini. Sikukubaliana naye wakati huo na sikubaliani naye sasa, ingawa jedwali ni lake. Neno ambalo ujia mzima wa mafundi hulitamka mara arobaini kwa siku halihitaji barua ya utambulisho.

Si kila neno lilikuwa na kisa. Mji, ambao pia ni sehemu ya katikati ya kanga, ulijibiwa kabla sijamaliza kusoma: “Hutolewa na aliyeshindwa kutegua, huzungukwa na pindo.” Shangazi ana kanga zaidi ya ishirini na amewahi kutega vitendawili vya kutosha kuchukua miji yote ya Kenya, kwa hiyo hakusita. Fuma, fumua na fumbo nilizipanga karibu karibu kwa makusudi ili kumchanganya msomaji, kwa kuwa fumua huzaliwa na fuma, lakini fumbo ni mtoto wa fumba na hana undugu na nyuzi, hata kama sisi tunaojaza visanduku tunapenda kufikiri kwamba kuufumua mshono na kulifumbua fumbo ni kazi moja.

Kisa kilichobaki ni cha cherehani. Nilikuwa nimeiweka mstari wa tatu, ikilala, visanduku tisa, kama neno kuu la jedwali zima. Herufi zake zilizokatwa na maneno ya wima zilikuwa ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa. Kupitia ile ya tano lilishuka neno la herufi nne, tepe, ambalo herufi yake ya pili ndiyo E iliyokutana na cherehani. Kidokezo chake kilikuwa: “Fundi huzungusha kiunoni mwako, koplo huvaa.”

Shangazi alichukua kalamu na kujaza jedwali lote peke yake siku ya Jumamosi, mvua ikinyesha na wateja wakiwa hawapo. Nilipofika aliniita nione. Alikuwa amemaliza, hakuacha kisanduku hata kimoja, na mstari wa tatu ulisomeka kwa herufi kubwa: CHERAHANI. Nilitazama safu iliyoshuka kutoka katika ile A. T, A, P, E.

“Hapa kuna kosa, shangazi,” nikasema.

“Liko wapi?”

“Neno ni cherehani. Na hili la chini ni tepe.”

Aliiondoa tepe ya kupimia iliyokuwa imening'inia shingoni mwake, akaipitisha vidoleni na kunielekezea ule mwisho wenye bati, ambako mtengenezaji alikuwa amechapa maandishi madogo ya Kiingereza. TAPE. “Imeandikwa hapa,” akasema. “Na hii,” akaipiga mashine kofi dogo kama mtu anavyompiga ng'ombe wake, “nimeikalia miaka thelathini. Wewe ndiwe utakayeniambia inavyoitwa?”

Yule kijana mwanafunzi, ambaye husema charahani, alipata jambo muhimu sana la kufanya nje.

Nilirudi nyumbani na jedwali lake nikaliweka mezani kando ya langu. Kamusi ilikuwa upande wangu, hilo nalijua. Lakini jedwali ambalo mtu wa kazi hiyo analijaza lote, bila kisanduku kutokubaliana na kingine, kisha anaambiwa amekosea, ni jedwali lenye mshono mbovu, na mshono mbovu hufumuliwa. Niliziandika tahajia tatu nilizozisikia pale sokoni, moja chini ya nyingine: cherehani, cherahani, charahani. Zinatofautiana katika herufi ya tatu na ya tano tu. Ya pili ni H kwa zote, ya nne ni R, ya sita ni H, ya nane ni N.

Kwa hiyo ilinibidi nisukume muundo wote kwa safu moja, ili maneno ya wima yaikate cherehani katika herufi za shufwa badala ya witiri. Ilinigharimu jioni tatu. Tepe ilihamia pembeni, fumua ikageuka ikasimama, taharizi ikatoka kabisa, jambo ambalo bado linaniuma, na bandi ilinusurika kwa kisanduku kimoja. Waandalizi wakali wangenikosoa kwamba neno la herufi tisa limekatwa mara nne tu, pungufu kidogo ya nusu, na wangekuwa na haki yao. Lakini sasa ile herufi ya tatu na ile ya tano zina visanduku vyeusi juu na chini yake, na hakuna neno lolote linalozigusa.

Lilibaki jibu rasmi, ambalo jarida hulichapisha toleo linalofuata na ambalo haliwezi kuwa na tahajia tatu. Niliandika cherehani, nikaituma. Nakala iliyochapishwa nilimpelekea shangazi, naye ameibandika ukutani juu ya mashine, ikiwa imejazwa kwa wino wa buluu kwa jinsi anavyotamka yeye, na kila kisanduku kimekaa sawa.